Aleji ya ngozi: mwarobaini, shubiri, oti, habasoda au manjano?

Ngozi ikianza kututumka mabaka ya kuwasha, kila aliye karibu nawe ana dawa yake. Shangazi atasema mwarobaini, jirani atakukatia jani la shubiri, ustadhi atakuelekeza kwenye mafuta ya habasoda, na ukifungua simu utakutana na maziwa ya manjano. Mimi nauza dawa dukani, na swali ni lile lile kila wiki: kati ya hizo zote, ipi inafanya kazi? Kabla sijajibu huwa naomba kuiona ngozi yenyewe, maana watu wanaita "aleji" maradhi matano yasiyohusiana, na mmea unaofaa kwa moja unaweza kulichochea jingine.

Hapa nalinganisha mimea kwa ajili ya mabaka ya mzio: yale yanayoinuka ghafla, makubwa kwa madogo, kama umeshambuliwa na mbu usiku kucha. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo usiutafute. Papasa uone kama pameinuka.

Jambo moja halingoji ulinganisho. Mabaka yakija pamoja na midomo au ulimi kuvimba, sauti kukwama, kifua kupiga filimbi, kutapika au kizunguzungu, hakuna jani la kuchuma wala kitu cha kunywa. Hapo inatakiwa sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, hospitali, sasa hivi, hata kwa bodaboda.

Ujue kwanza unakuna nini

Chukua kalamu ya wino, zungushia baka moja, andika na saa. Kesho wakati kama huo angalia. Kama baka limetoweka au limehamia kwingine, hayo ndiyo mabaka ya mzio. Yakiganda pale pale zaidi ya siku, yakauma kuliko kuwasha, au yakiacha alama kama ya kuvilia damu, nenda kwa daktari, hilo ni jambo lingine.

Kama muwasho unazidi usiku, vipele viko katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni, na nyumba nzima inajikuna, huo ni upele, una mdudu wake. Duara lenye magamba pembeni na katikati kumepona ni choa, ambayo ni fangasi. Ngozi kavu, nene, inayopasuka kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti ni ukurutu. Vidoa vidogo vya kuchoma shingoni na mgongoni msimu wa joto ni harara, huo hata mzio si mzio.

Kinachotokea kwenye mabaka ya mzio ni kwamba chembe za kinga zilizo chini ya ngozi zinamwaga kemikali iitwayo histamini, vimishipa vidogo vinavuja maji, ngozi inainuka na mishipa ya fahamu inapeleka habari ya muwasho. Baka lenyewe halidumu. Mara nyingi linajifuta ndani ya saa 24, utie dawa usitie. Shika hapo, kwa sababu ndipo ulipo utata wote wa mimea. Ukimpaka mtoto chochote jioni, asubuhi baka lile halipo, na sifa zinakwenda kwa ulichopaka. Ndiyo maana kila ukoo una dawa yake ya aleji, hazifanani hata kidogo, na zote "zimeponya". Mmea wa kweli unapimwa kwa maswali mawili: unapunguza muwasho ndani ya saa ile, na unazuia mabaka mapya yasitoke kesho? Mingi inajaribu swali la kwanza. La pili, karibu yote inafeli.

Mwarobaini na shubiri: viwili vya kupaka

Hivi ndivyo watu wanavyovishindanisha zaidi, kwa kuwa vyote viko uani na ni bure.

Mwarobaini una jina kubwa kwenye ngozi, na haukulipata kwa bahati. Mwaka 1992 ulichapishwa utafiti wa awali kutoka India ambapo watu 814 wenye upele walipakwa uji mzito wa majani ya mwarobaini na manjano. 97 kati ya kila 100 walipona ndani ya siku 3 hadi 15. Lakini soma tena: wenye upele. Mwarobaini unaua na kufukuza vijidudu, unapambana na fangasi. Mabaka ya mzio hayana kijidudu cha kuua. Ukiupaka hapo unamtuma askari kwenye nyumba isiyo na mwizi.

Tena kuna namna tunavyoutumia inayoharibu. Majani yanachemshwa, mgonjwa anaogeshwa maji ya moto, au anafunikwa blanketi na kufukizwa. Joto linatanua mishipa ya damu na kuamsha histamini zaidi. Bibi mmoja alikuja dukani na mjukuu wake wa kama miaka sita, mikono na tumbo vimejaa mabaka.

"Shikamoo bibi. Umempa nini?"

"Marahaba mwanangu. Nimemchemshia mwarobaini, nikamfukiza."

"Ikawaje?"

"Ikazidi! Akawa kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto."

Mtoto alikuwa na mafua ya siku tatu, na kwa watoto virusi vya mafua ni chanzo cha kawaida cha mabaka haya kuliko chakula chochote. Tulimkalisha kivulini, tukamwekea kanga iliyolowa maji baridi, akaacha kujikuna wakati bibi yake bado anasimulia. Mwarobaini wenyewe haukuwa sumu kwake. Moto ndio ulimzidishia.

Kama huna namna na mwarobaini ndio ulio nao, chemsha majani, acha yapoe kabisa, kisha umwagie. Mafuta yake ni habari nyingine. Yana nguvu, yanaweza yenyewe kuleta mzio wa mgusano, na kamwe yasinywewe na mtoto: mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Malaysia waliandika habari za watoto wadogo walionyweshwa mafuta hayo wakatapika, wakazama usingizini na kushikwa na degedege. Mjamzito naye asinywe mwarobaini, wa majani wala wa mafuta.

Shubiri inashinda hapa, kwa sharti moja. Ute mweupe wa ndani ya jani karibu wote ni maji, unapoza, haunati na haunuki. Haugusi histamini, lakini muwasho unatulia wakati unakauka. Sharti ni kuutenganisha na utomvu wa njano ulio chini ya ganda. Utomvu ule ndio mchungu, ndio unaoharisha ukinywewa, na ndio unaowasha ngozi laini. Wengi wanaoniambia "shubiri imenikataa" wamepaka utomvu. Kata jani nene chinichini, lisimamishe ndani ya kikombe kwa robo saa mpaka njano yote ichuruzike, lioshe, menya ganda pande zote, halafu chukua ile nyama inayong'aa. Ikiwa na hata mstari wa njano, osha tena. Weka kwenye friji ndani ya chombo kilichofunikwa, tumia kwa siku mbili tatu, ikibadilika harufu tupa.

Angalia pia ni shubiri ipi. Ile ya majani mapana ya kijivu inayopandwa kwenye makopo ndiyo *Aloe vera*. Shubiri za porini, zile za maua mekundu ambazo wafugaji wanawawekea kuku kwenye maji, zina utomvu mwingi na ute kidogo. Waachie kuku.

Kunywa shubiri kwa ajili ya aleji ya ngozi sioni sababu. Mwaka 2002 Marekani iliondoa sokoni dawa za kuharisha zenye utomvu wa shubiri zilizokuwa zikiuzwa bila cheti cha daktari, na shirika la utafiti wa saratani la WHO limeiweka dondoo ya jani zima kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Ute uliosafishwa haumo kwenye lawama hiyo. Ila nyumbani, kwa kisu cha jikoni, nani anasafisha kiasi hicho?

Oti, ambazo hakuna anayezitaja

Watu wanashangaa nikiwaambia kwamba kati ya mimea yote ya kutuliza ngozi inayowasha, yenye karatasi safi kabisa ni oti, zile za uji. Unga laini wa oti umekubaliwa rasmi na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, tangu 2003 kuwa kinga ya ngozi kwa muwasho mdogo mdogo. Una viambata vinavyotuliza uvimbe na unaacha utando unaozuia ngozi isikauke. Hauna hadithi ya kusimulia, haukupandwa na babu, ndiyo maana haujapata jina.

Saga oti za kawaida zisizo na sukari wala maziwa kwenye blenda mpaka ziwe kama podari. Jaribu kijiko kimoja kwenye glasi ya maji: yakigeuka meupe bila kutuama haraka, umesaga vya kutosha. Tia kikombe kimoja kwenye beseni la maji ya uvuguvugu unaokaribia ubaridi. Mtoto akae humo dakika kumi au robo saa. Mtu mzima achovye kitambaa na kukilaza juu ya mabaka. Usisugue. Jikaushe kwa kugusagusa na taulo. Beseni linateleza kweli kweli, mshike mtoto.

Ukinilazimisha nichague cha kupaka usiku ule wa kwanza, nachagua oti kwa mwili mzima na shubiri kwa baka moja moja. Kama hakuna pesa, kanga yenye maji baridi inafanya sehemu kubwa ya kazi ya vyote viwili.

Habasoda na manjano: viwili vya kumeza

Hapa ndipo ahadi zinapokuwa kubwa, kwa sababu kinachomezwa kinadaiwa "kusafisha damu". Mabaka ya mzio si uchafu wa damu. Swali ni kama kiambata kinafika kwenye zile chembe za kinga kwa wingi wa kutosha kuzituliza.

Habasoda ina ushahidi kuliko manjano. Watafiti wa Ujerumani walichapisha mwaka 2003 majaribio manne yenye jumla ya wagonjwa 152 wa mafua ya mzio, pumu na ukurutu, waliopewa mafuta yake kwenye vidonge laini. Wengi walisema dalili zimepungua. Mwaka 2013 Iran nao walilinganisha marhamu ya habasoda na betamethasoni, dawa ya steroidi ya kupaka, kwa wenye ukurutu wa mikono, ikaenda nayo sambamba. Kwa hiyo mwenye ukurutu, au mwenye ukurutu na mafua ya vumbi kwa pamoja, ana sababu ya kuijaribu. Mwenye mabaka ya ghafla ana sababu ndogo, kwa vile majaribio yale hayakumhusu. Sibishani na imani ya mtu juu ya habasoda, hadithi yake inajulikana. Nasema tu kwamba baka la leo litakuwa limeondoka kabla mafuta hayajafanya lolote.

Tahadhari zake ni mbili. Inashusha sukari na presha, kwa hiyo anayemeza dawa za maradhi hayo anaweza kujikuta ameshuka kupita kiasi. Na mafuta yake yakipakwa mabichi juu ya ngozi iliyochubuka yanaweza kuleta mzio mkali, wakati mwingine na malengelenge. Paka tone ndani ya kiwiko, subiri siku mbili, ndipo uamue.

Manjano ni chakula kizuri na dawa dhaifu. Kiambata chake, kukumini, kinafyonzwa kidogo mno tumboni. Pilipili manga inakisaidia kupita, ila bado kijiko cha manjano kwenye maziwa kiko mbali na vipimo vinavyotumiwa kwenye majaribio ya dawa. Kukipaka ni hatari ndogo ya kuchekesha: unageuka njano siku tatu, na wapo wachache ambao kukumini yenyewe inawatoa mabaka. Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini asiongeze vidonge vya manjano.

La kutisha zaidi liko sokoni. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba manjano ya Bangladesh yalikuwa yakitiwa kromati ya risasi ili yang'ae, na risasi inaharibu ubongo wa mtoto. Kama unayataka, nunua mizizi mibichi na utwange mwenyewe. Yaweke kwenye pilau na mchuzi, kwa aleji usiyategemee.

Na thabai, majani ya kuwasha ambayo Wakikuyu wanayachanganya kwenye mukimo? Yanauzwa kama chai ya aleji, lakini sifa yake iko kwenye mafua ya mzio. Mbichi, nywele zake zina histamini, na kuyagusa tu kunatoa mabaka yale yale unayoyakimbia. Yakipikwa, kula.

Zikilinganishwa na kidonge

Ulinganisho usiogusa setirizini, kidonge cha mzio cha dukani, haujakamilika, hata kama umekuja kusoma habari za mimea. Setirizini miligramu 10, au loratadini miligramu 10, kidonge kimoja kwa siku kwa mtu mzima, inaziba mahali histamini inapojishikiza. Muwasho unapungua ndani ya saa moja mbili, na ukiendelea kuimeza inapunguza mabaka ya kesho. Hilo ndilo swali la pili, ambalo mimea ilishindwa. Bei yake ni ndogo kuliko kichupa cha habasoda. Piritoni nayo inafanya kazi, ila inalaza. Dereva na fundi wa mashine wasiimeze asubuhi.

Kwa hiyo mimi sioni ugomvi kati ya jani na kidonge. Kidonge kinashughulikia ndani, shubiri au oti inapoza nje wakati unasubiri. Ugomvi upo pale mtu anapomeza dawa za miti wiki tatu huku anaendelea kula kilichomletea mabaka.

Na kilichomletea mara nyingi kiko mkononi. Dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni, antibiotiki za jamii ya penisilini, Septrin na dawa nyingine za salfa. Kamba na kaa, karanga, mayai, nyuki na siafu. Kwa watu wa Pwani naongeza moja: jodari na vibua. Samaki hawa wakikaa juani kabla ya kuuzwa, bakteria wanatengeneza histamini ndani ya nyama, na kuikaanga haiondoi. Unakula, uso unawaka, mabaka yanatoka, kichwa kinagonga, na kuanzia hapo unajitangaza una aleji ya samaki. Huna. Ulikula samaki aliyelala juani, na wenzako wa sinia moja pengine wote wamejikuna.

Kabla hujanunua ya kichupa

Majani uliyoyachuma mwenyewe unayajua. Krimu ya "mitishamba asilia" isiyo na orodha ya vilivyomo huijui. Mwaka 1999 madaktari wa London walipima krimu 11 za mitishamba ya Kichina walizokuwa wakitumia wagonjwa wa ngozi. 8 zilikuwa na deksamethasoni, dawa kali ya steroidi. Krimu inayofuta muwasho wowote kwa siku moja, na kila ukiiacha ngozi inarudi vibaya zaidi, itilie shaka hiyo hiyo. Ikitumika muda mrefu, hasa usoni na kwa watoto, inachakaza ngozi mpaka mishipa inaonekana. Uliza namba ya usajili. Muuzaji akianza kukusimulia ushuhuda badala ya kukuonyesha, ondoka.

Mtoto wa chini ya miaka miwili, mjamzito na anayenyonyesha wabaki kwenye vya kupoza nje tu, maji, oti na ute safi wa shubiri, na vidonge vyao vitoke kwa daktari.

Mabaka yakirudi rudi zaidi ya wiki sita yanahesabiwa kuwa sugu. Hapo mara nyingi chanzo si chakula kabisa. Kinga ya mwili inajichokoza yenyewe, na kujinyima samaki, mayai na nyama kwa mwaka mzima kutakukondesha bure. Daktari wa ngozi anaweza kupandisha kipimo cha setirizini hadi mara nne ya kawaida, jambo usilotakiwa kujifanyia nyumbani, na zipo sindano kwa wale ambao vidonge vimeshindwa. Ukienda, mabaka yatakuwa yamejificha, ndivyo yalivyo, kwa hiyo yapige picha kwa simu yakiwa yametoka, andika ulikula na kumeza nini siku ile, na beba kila kichupa na kila fungu la majani ulilotumia, hata lile unaloona aibu kulitaja.